Mkono Umepita

Kila moto ulipozimwa, hakuna aliyeruhusiwa kwenda nyumbani mpaka fundi viatu apitishe mkono.

Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria ya kwanza ya kikosi chao cha kujitolea, na haikuwa na msamaha. Moshi ukiisha, watu ishirini na kitu, nyuso nyeusi kama masufuria ya shule, waliketi ukingoni mwa eneo lililoungua, wakavua mabomba ya maji mgongoni, wakanywa, wakataniana. Fundi viatu alikunja mkono wa shati, akaingia majivuni peke yake. Alikwenda kisiki kwa kisiki, gogo kwa gogo, akiinama kila mahali na kuuweka mgongo wa mkono wake kwenye mti ulioungua. Ngozi ya hapo ni nyembamba, haijazoea kazi. Inasikia joto kabla jicho halijaona moshi. Waliombandika jina la Kiganja hawakujali tofauti hiyo. Alipomaliza aliinua mkono juu na kupaza sauti, "Mkono umepita!" Nao walijibu kwa pamoja, "Twende!" Hapo ndipo walipokwenda.

Sheria hiyo haikutungwa mezani. Miaka kumi na miwili nyuma, kabla hakujawa na kikosi chochote, wanakijiji waliuzima moto wa nyasi karibu na shule, wakaimba, wakaenda kulala. Kumbe moto ulikuwa umeingia kwenye mizizi ya kisiki kimoja, ukajichimbia humo kimyakimya kama panya. Kesho yake mchana upepo ukaufukua. Nyumba tatu za walimu ziliteketea, na katika mojawapo alikuwamo mama mzazi wa mwalimu, mgonjwa wa kitandani, ambaye hakuna aliyemkumbuka mpaka paa lilipokwisha kuanguka. Siku ya maziko fundi viatu aliuliza swali moja tu mbele ya watu: "Hivi hata mtu mmoja hakukigusa kile kisiki?" Tangu siku hiyo kazi ya kugusa ikawa yake, na kikosi kizima kikakua kuizunguka kazi hiyo, naye akawa mkuu wake.

Kibanda chake cha mabati kilikuwa kando ya mashine ya kusagia nafaka, na vumbi la unga liliingia humo mchana kutwa likatua juu ya kila kitu. Ndani kulikuwa na kigoda, chuma chenye umbo la mguu, kopo la gundi lililoganda mdomoni, na viatu vya wanafunzi vilivyoning'inizwa kwa kamba zake, kila jozi na kikaratasi. Nyuma ya mlango kulilazwa matairi ya lori yaliyokatwakatwa. Humo alitoa soli, na humo humo alitoa vipigio vya moto: kipande cha mpira chenye urefu wa mkono, kilichofungwa kwa boliti kwenye mpini mrefu. Nje, kwenye nguzo ya mti, ilining'inia rimu ya lori. Ikigongwa mara tatu, kila aliyekuwa na miguu alikimbia kuja.

Kila mwaka kabla ya kiangazi alikwenda shuleni kuwafundisha watoto wasichezee viberiti, akazunguka mashambani kuwakumbusha wakulima wafyeke ukanda wa hatua kumi kuzunguka nyumba, wasichome mabua pasipo kutoa taarifa wala siku yenye upepo. Wengine walimsikia. Wengine waliitikia, "Sawa, mkuu," wakachoma alipogeuza mgongo. Hakuchoka kurudi.

Aliyemtania kuliko wote alikuwa mfuga nyuki, mdogo wa mkewe. Mtu mrefu, mwembamba, mwenye sauti ya kuimba, ambaye mizinga yake thelathini na minne ilikuwa imetundikwa kwenye miti ya msitu wa kijiji.

"Shemeji," alizoea kusema akichungulia kibandani, "viatu vyako mwenyewe vinacheka. Mbele hapo naona mpaka ulimi."

"Vinakucheka wewe uliyeumwa na nyuki mdomoni ukashindwa kuimba siku nne."

"Zilikuwa tatu!"

"Ya nne tulikuwa bado tunashukuru."

Walikuwa hivyo miaka yote. Asali ya kwanza ya kila msimu mfuga nyuki aliileta kwa dada yake, na fundi alikuwa akiiramba kijiko kizima kabla mkewe hajaificha, kwa kuwa miaka miwili ilikuwa imepita tangu muuguzi wa zahanati amwambie kwamba ana kisukari.

Muuguzi huyo alimweleza mambo mengi siku ile, kuhusu vidonge, chakula na kukagua miguu kila jioni. Mwishoni alimwambia, "Na siku ukiona mikono inaanza kufa ganzi, usikae nayo. Njoo siku hiyo hiyo." Fundi aliitikia. Vidonge alimeza. Miguu alikagua. Lakini mikono ilipoanza kufa ganzi hakwenda.

Ilianza na vidole. Siku moja mama wa mwanafunzi alikuja kuchukua raba nyeupe za mwanawe, akazigeuza huku na huku.

"Fundi, nilikuletea raba nyeupe. Mbona umenitilia maua mekundu?"

Ilikuwa damu. Sindano ya viatu ilikuwa imemchoma kidole naye hakujua. Akacheka, akasema amezeeka, akazifuta kwa kitambaa chenye maji. Mwanamke alipoondoka alikitazama kidole chake kwa muda mrefu, kisha akakichoma tena kwa makusudi. Aliona ncha ikiingia. Hakusikia kitu.

Miezi ilipita, ganzi ikapanda kama maji yanavyopanda ukutani. Hakumwambia mtu. Hakuwa mtu mwongo. Katika biashara yake aliwahi kumfuata mteja nusu ya njia kumrudishia kamba ya kiatu. Lakini alikuwa amezoea kuitwa mkuu. Kazi ya viatu ilimpa chakula. Mkono ule ndio uliomfanya asalimiwe kwa heshima hata na watu waliovaa viatu visivyohitaji fundi. Alijiambia kwamba mgongo wa mkono bado unasikia. Alijiambia kwamba macho na pua vitasaidia. Hayo ndiyo maneno ambayo kila mtu hujiambia anapoishika kazi ambayo haiwezi tena, na si ya kweli kwa yeyote kati yao.

*

Moto wenyewe ulianza asubuhi ya siku ya soko. Mkulima mmoja alichoma mabua bila kumwambia mtu, na upepo ukayachukua makaa hadi chini ya mteremko wa msitu wa kijiji. Rimu iligongwa. Wakatoka na vipigio, na majembe, na mabomba ya mgongoni. Dereva wa trekta, ambaye wote walimwita Breki kwa kuwa trekta lake halikuwa nazo, akaleta pipa la maji, akalisimamisha trekta kwa kuligongesha kwenye gogo. Walifyeka ukanda juu ya moto, wakawasha nyasi kidogo kidogo kutoka kwenye ukanda ule ili moto ukutane na moto ukose cha kula, wakapiga kingo mpaka mikono ikatetemeka. Saa nane mchana ulikuwa umelala. Mizinga iliyokuwa juu zaidi haikuguswa hata mmoja.

"Nyuki wangu wanawasalimu," alisema mfuga nyuki, akiwa amelala chali. "Wanasema ahsanteni, ila yule mwenye bomba linalovuja asirudi."

Fundi alikunja mkono wa shati akaingia majivuni.

Kwenye kisiki cha mwisho, kikubwa, kilichooza katikati, alipiga goti. Akaweka mgongo wa mkono. Hakusikia joto. Wala hakusikia baridi, wala ukali wa gome, na hapo moyo ulimpiga, kwa kuwa baridi nayo ni kitu cha kusikiwa. Akainusa hewa. Palikuwa na moshi, lakini kila mahali palikuwa na moshi. Angeweza kusema wakati huo, "Jamani, njooni mkiguse na nyie." Ni maneno machache mno.

"Mkuu!" Breki alipaza sauti. "Tumbo langu limeshatangulia nyumbani, linaniulizia!"

Watu wakacheka. Walikuwa na njaa, na watoto, na ng'ombe wa kukamua. Fundi alisimama, akauinua mkono wake.

"Mkono umepita!"

"Twende!"

Jioni, akinawa nyuma ya nyumba, aliona lengelenge kwenye mgongo wa mkono wa kulia, kubwa kama punje ya mahindi, limejaa maji. Maji ya karai hayakuwa yamepashwa moto. Alijua lengelenge hilo limetoka wapi, kama mtu anavyojua jina lake. Jua lilikuwa bado halijazama. Rimu ilikuwa umbali wa nyumba sita. Angeigonga, watu wangekuja wakinung'unika, wakapanda mteremko, wakamwaga pipa la maji kwenye kisiki, na mambo yangeishia kwenye manung'uniko. Lakini wangeuliza: mkuu, si ulisema mkono umepita? Alisimama pale mpaka mikono ikakauka yenyewe. Kisha akaamua kwamba alfajiri atapanda peke yake na ndoo.

Alfajiri akapitiwa na usingizi, kwa kuwa alikuwa amechoka. Asubuhi kulikuwa na mteja mlangoni, halafu mwingine. Alijiambia saa nne. Saa nne akajiambia saa sita.

Saa tano na nusu upepo uligeuka, na msitu ukawaka.

*

Mizinga ishirini na tisa iliungua, pamoja na upande mzima wa msitu uliokuwa ukikinga chemchemi ya kijiji. Walifanikiwa kuusimamisha moto hatua chache kutoka uzio wa shule. Hakuna mtu aliyekufa, na hilo halikuwa jambo alilolifanya mtu yeyote kwa hekima yake. Upepo ulishuka tu.

Walipokuwa wakitembea kwenye majivu, Breki alipata kitu kwa ncha ya buti. Kilikuwa kifukizio cha mfuga nyuki, kile kikopo cha bati chenye mdomo ambacho hutiwa matambara yanayofuka moshi ili kuwatuliza nyuki. Kilikuwa kimepondeka, kimeungua.

"Ulikuja huku leo asubuhi?" aliuliza.

"Nilikuja," alisema mfuga nyuki. "Nilikuja kuwaangalia kama wametulia baada ya jana. Nilipoona moshi nilikimbia kugonga rimu. Nilikiangusha."

"Kikiwa kinafuka?"

Mfuga nyuki hakujibu upesi, na kule kukawia kulimgharimu. Mpaka jua linazama kila mtu alikuwa anajua: mkono ulikwisha kupita, kisiki kilikuwa baridi, na mtu aliyeleta moto msituni ni mfuga nyuki. Wengine hawakusema kwa ubaya. Walisema kwa huzuni, na huzuni yao ilimkalia vibaya kuliko matusi. Mwenyekiti wa kijiji, mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa waya sikioni, alitangaza siku ya tatu kwamba kutakuwa na mkutano baada ya siku tatu. Ajenda ilikuwa moja: kama mfuga nyuki aondolewe msituni na kikosini, moja kwa moja.

Siku iliyofuata mfuga nyuki alikuja kibandani. Hakuchungulia. Aliingia, akakaa juu ya matairi, akavuta mlango. Nyusi zake zilikuwa zimeungua, na hilo lilimfanya aonekane kama mtu anayeshangaa muda wote.

"Shemeji, nikuulize kitu. Usinionee haya."

"Uliza."

"Kile kisiki kikubwa. Kilichooza katikati. Ulikigusa?"

"Nilikigusa."

"Kilikuwa baridi?"

Fundi alikuwa ameshika kiatu cha mtoto, ameingiza uzi nusu. Kumdanganya mtu mbele ya umati kunaweza kuwa woga. Kumdanganya mtu mmoja, aliyevuta mlango na kukuuliza taratibu, ni jambo jingine, naye alilijua alipokuwa akilifanya.

"Kilikuwa baridi," alisema.

Mfuga nyuki alitikisa kichwa polepole. "Basi ni mimi. Nimekaa usiku kucha nakumbuka. Nakumbuka niliziba mdomo wa kifukizio kwa majani mabichi, kama siku zote. Lakini nikikumbuka sana naona kama sikuziba. Ukitazama kitu muda mrefu kinabadilika, shemeji, unajua?" Akajaribu kucheka. "Miaka ishirini natembea na moshi mkononi. Kumbe siku hii ilikuwa inanisubiri."

Akainuka. Mlangoni akageuka.

"Afadhali ulipita wewe. Angekuwa mtu mwingine ningesema labda alikosea, ningekuwa na mahali pa kujificha."

*

Nyumbani mkewe aliweka chakula mezani na hakula. Tangu moto alikuwa akiwapikia watu wawili, akimpelekea mdogo wake chakula ambacho kilirudi kama kilivyokwenda.

"Anasema atakwenda mkutanoni kukiri," alisema. "Hajasubiri hata ahukumiwe. Anataka kuomba msamaha kwa kila nyumba. Mdogo wangu huyu, baba watoto, ambaye akiona unga umemwagika anauliza kwanza kama ni yeye."

Fundi alinyoosha mkono akachota chumvi kidogo. Mkewe aliutazama ule mkono.

"Hilo lengelenge la nini?"

"Chai."

"Chai ya nyumba hii naimimina mimi. Hujamwagikiwa." Akaushika mkono, akausogeza dirishani penye mwanga. Lilikuwa limeanza kukauka, limesinyaa ukingoni. "Hili lina siku tatu, nne. Uliungua mgongo wa mkono siku ya moto wa kwanza, halafu ukanyamaza? Wewe, ambaye ukijikwaa kidole mtaa mzima unapata habari?"

Mkewe alikuwa mwanamke aliyepika katika jiko la shule miaka kumi na tisa; alijua mtu anavyouondoa mkono kwenye joto, na alijua maana ya mtu kutouondoa.

"Tangu lini husikii?" aliuliza, sauti imeshuka.

"Mwaka. Zaidi kidogo."

"Na kile kisiki?"

"Sikusikia kitu. Jioni nikaliona hili. Nilijua, mama watoto. Nilisimama pale kwenye karai, nikajua."

Alitegemea atalia, au atapiga kelele. Yeye aliuachia mkono wake, akaurudisha mezani polepole kama kitu cha jirani.

"Mkutano ni kesho kutwa," alisema. "Mimi sitakwenda kusema. Ulimi ni wako. Lakini nikikaa pale nikamsikia mdogo wangu akikiri kosa lako, nawe umekaa kimya, nitarudi nyumbani humu nitakupikia, nitakufulia, na hutanisikia tena nikicheka. Hilo nakuahidi."

Akatoa vyombo. Chumvi ilikuwa bado mkononi mwa fundi, na hakujua kwamba alikuwa anaimwaga mpaka alipoitazama.

*

Mkutano ulifanyika darasani, watu wazima wamebanwa kwenye madawati ya watoto, magoti juu. Mwenyekiti alifungua daftari. Kabla hajamaliza kusoma ajenda mfuga nyuki alisimama.

"Msijisumbue kujadili," alisema. "Ni mimi. Kifukizio kilikuwa changu. Mizinga iliyobaki mitano nitaishusha wiki hii. Sitakanyaga tena msituni. Ninachoomba ni watoto wangu wasitupiwe maneno njiani, wao hawakuwapo." Akakaa. Dawati likalia.

Mwenyekiti alivua miwani, akaivaa tena, akashika kalamu.

"Usiandike," alisema fundi viatu.

Alikuwa amekaa nyuma, karibu na ramani iliyochanika. Alisimama akishikilia ukuta.

"Kisiki hakikuwa baridi. Mkono wangu ndio uliokufa. Nina kisukari, mikono imekufa ganzi zaidi ya mwaka, sikumwambia mtu. Siku ile niligusa sikusikia kitu, nikasema mkono umepita. Jioni nikaona nimeungua, nikajua moto bado upo, nikaogopa kugonga rimu. Shemeji aliniuliza kwa mdomo wake, nikamdanganya. Hana kosa hata moja."

Yalikuwa hayo tu. Alikuwa ameandaa mengi zaidi, kuhusu miaka kumi na miwili na kuhusu uchovu, lakini alipoyafikia aliyaona ni ya kujitetea, akayaacha.

Na hawakumwamini.

"Mkuu, kaa chini," alisema Breki kwa upole. "Tunaelewa. Ni shemeji yako. Hata mimi ningembebea."

"Undugu huo," sauti nyingine ilisema. "Wanalindana."

"Anaona aibu kwa mkewe," alisema wa tatu, na wengine wakaguna.

Hilo fundi hakulitarajia. Alikuwa amepiga moyo konde apoteze heshima yake, kumbe heshima yenyewe ilikuwa imemkatalia kuondoka. Kwa dakika moja njia ya kurudi nyuma ilikuwa wazi, pana, na kila mtu mle ndani alikuwa anamsukuma aifuate. Alitia mkono mfukoni akatoa sindano yake ya viatu. Akamwendea muuguzi aliyekuwa ameketi dirishani, akampa. Akauweka mkono wake wa kulia juu ya dawati, akageuza uso kutazama ubao.

"Nichome popote," alisema. "Nami nitawaambieni ukinichoma."

Muuguzi alimtazama mwenyekiti. Mwenyekiti akaitikia kwa kichwa. Darasa zima liliinuka kuona. Fundi alikuwa anasoma hesabu za watoto ubaoni, saba mara nane, saba mara tisa, akisubiri.

"Bado hujaanza?" aliuliza.

Aligeuka. Kwenye mgongo wa mkono wake kulikuwa na vitone vinne vya damu, na muuguzi alikuwa ameweka sindano chini na kuziba mdomo.

Breki alikuwa wa kwanza kukaa. Kisha mwanamke mmoja kijana, ambaye shamba lake lilipakana na msitu, akauliza swali ambalo fundi alikuwa akilikimbia tangu siku ya raba nyeupe.

"Zaidi ya mwaka, umesema. Tumezima mioto mingapi kwa mwaka? Mara ngapi tumelala na watoto wetu kwa kuwa wewe umeinua mkono?"

"Sijui," alisema. "Mara nyingi."

Mfuga nyuki hakumtazama hata mara moja. Alisimama, akapita katikati ya madawati, akatoka nje, akaonekana dirishani akienda zake kwa hatua ndefu bila kuimba.

Mwenyekiti aliandika. Mfuga nyuki anabaki msituni, na kikosi kizima kitamchongea mizinga ishirini na tisa. Fundi viatu anaondolewa ukuu wa kikosi. Fundi viatu aende zahanati kesho. Kuanzia sasa watapita watu wawili na si mmoja, na kila kisiki kitamwagiwa maji hata kikiwa baridi kama jiwe la mtoni. Alipomaliza alimtazama fundi juu ya miwani.

"Kikosini utabaki kama unataka," alisema. "Vipigio bado vinahitaji mtu wa kuvifunga. Lakini mkono wako hautainuka tena."

"Nitabaki," alisema.

*

Wiki sita fundi alichonga mizinga kila jioni pamoja na wengine, na kwa kuwa hakuamini vidole vyake alivaa glavu za ngozi alizozishona mwenyewe. Mfuga nyuki alikuja kuichukua. Alisema ahsante kwa kila mtu. Kwake alisema, "Ahsante, fundi." Neno shemeji lilikuwa limetoka kinywani mwake, wala hakuchungulia tena kibandani. Watoto waliacha kumwita mkuu. Wateja wengine walihamia kwa fundi wa sokoni, wengine walirudi. Mkewe alicheka siku moja, kwa jambo dogo, kifuniko kilichoanguka kikazunguka sakafuni kisitake kusimama; fundi alijifanya hakusikia, asije akamkatiza.

Kisha mchana mmoja rimu iligongwa. Ilikuwa nyasi za kando ya barabara, moto mdogo, saa moja tu ya kazi. Fundi alibeba bomba la maji mgongoni kama yeyote. Ulipolala, watu waliketi ukingoni, na macho yao, kwa mazoea ya miaka kumi na miwili, yakamgeukia. Kisha yakaondoka haraka.

"Nani na nani?" aliuliza Breki. Mkuu mpya alikuwa yeye, na kelele za kuomba chakula zilikuwa zimemwisha.

Yule mwanamke kijana aliinuka. Baada yake, polepole, akainuka mfuga nyuki. Kila asubuhi kwa miaka ishirini alikuwa akiweka mkono kwenye ubavu wa mzinga kusikia kama nyuki ndani wana joto la kutosha. Kama palikuwa na mkono pale kijijini uliojua joto kupitia mti, ulikuwa huo. Wakaingia majivuni, mmoja kulia, mmoja kushoto. Fundi aliwafuata nyuma kwa hatua kumi, ameshika bomba, akimwagia kila walichogusa.

Kwenye kisiki kimoja kidogo, ambacho mtu yeyote angekiruka, mfuga nyuki alisimama. Akaweka mgongo wa mkono. Akautoa haraka, akaupepea.

"Shemeji," alisema bila kugeuka. "Leta maji hapa."

Fundi alifika akihema. Alipiga goti, akaingiza mdomo wa bomba kwenye tundu la mzizi, akasukuma. Chini ya ardhi kitu kililia, mvuke ukapanda katikati yao.

"Bado nimekukasirikia," alisema mfuga nyuki.

"Najua."

"Sana."

"Najua, shemeji."

"Mwaga. Usiache mpaka nikwambie."

Akaendelea kusukuma. Walikaa hapo muda mrefu, wakati wengine wakisubiri ukingoni na hakuna aliyelalamikia tumbo, mmoja akimwaga, mwingine akigusa, akisema, "Bado. Bado. Hapa pia bado."